Je, Kiti Hicho Kimemfikisha Wapi?

Katika daftari la ghala, kiti cha magurudumu kikishatolewa hesabu imefungwa. Nyumbani Buyenzi au Kinama, hesabu yenyewe ndiyo kwanza huanza.

Burundi ilipita katika vita vilivyoanza mwaka 1993, na wapo majeruhi wake, askari na raia, wanaotembea hadi leo kwa magongo na miguu ya bandia. Mjini Bujumbura, Taasisi ya Mtakatifu Kizito huwahudumia watoto wenye ulemavu wa viungo. Mwaka 2014 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Hata hivyo, kumpa mtu kifaa ni jambo moja, na kujua kama kimemfaa ni jambo jingine.

Wataalamu wa tiba kwa kazi, yaani wale wanaomrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake za kila siku, wana kipimo maarufu kilichotolewa Kanada mwaka 1991. Mgonjwa mwenyewe hutaja shughuli zinazomshinda, zisizozidi tano. Kila moja huipa alama kuanzia 1 hadi 10: anaimudu kiasi gani, na anaridhika kiasi gani. Baada ya muda huulizwa tena. Wastani ukipanda kwa alama 2, huhesabiwa kuwa mabadiliko ya kweli.

Mathalani, mama aliyepooza miguu ataje kupika, kwenda sokoni na kwenda chooni. Kabla ya kiti ajipe 3, 2 na 1. Wastani ni 2. Baada ya miezi mitatu ajipe 6, 5 na 1. Wastani ni 4. Kwenye karatasi amefaulu. Lakini chooni bado anabebwa na bintiye, kwa kuwa mlango ni mwembamba kuliko kiti! Ndiyo maana mtaalamu makini hasomi wastani peke yake.

Kipimo kingine, cha Quebec, kina maswali 12. Manane huhusu kifaa: uzito, uimara, usalama na mengineyo. Manne huhusu huduma, pamoja na matengenezo. Swali la matengenezo lina uzito wake pale ambapo mvua hugeuza njia kuwa matope na gurudumu la mbele likavunjika.

Hapa pana tatizo moja linalozihusu hasa familia za askari. Mtu aliyezoea kupokea amri huwa mwepesi wa kujibu kwamba mguu aliopewa ni mzuri, hata kama unamchubua. Mke naye, kwa huruma, humjibia mumewe. Hapana budi aulizwe mwenye mguu, faraghani, na mtu ambaye si yule aliyemkabidhi.

Na yule mama? Fundi akishaupanua mlango, swali la choo huulizwa upya.