Kamina, Mji wa Reli na Wanafunzi

Kamina ulijengwa juu ya reli. Hapa njia ya kutoka Lubumbashi inagawanyika: moja inashika upande wa Kananga na Ilebo, nyingine inapanda kaskazini kuelekea Kabalo. Tangu 2015 mji huu ndio makao makuu ya Jimbo la Haut-Lomami, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Chuo Kikuu cha Kamina, UNIKAM, kinauletea vijana wanaotafuta masomo.

Mgeni mwenye njaa aende sokoni. Bukari (ugali) na sombe (mboga ya majani ya muhogo) havikosekani, na samaki waliokaushwa kwa moshi au chumvi hutoka kwenye maziwa ya Upemba. Mnunuzi makini huinua samaki, akamnusa na kumkunja kidogo kuona kama amekauka sawasawa, ndipo mabishano ya bei yanaanza.

Mwenye siku za ziada ashuke kwa gari moshi hadi Bukama, kwenye Mto Lualaba. Kutoka hapo vyombo vya majini hufuata mto hadi Ziwa Kisale, nyumbani kwa wavuvi Waluba. Kandokando ya ziwa hilo kuna Sanga, ambako wanaakiolojia walichimba mwaka 1957 na 1958. Walifukua makaburi ya zaidi ya miaka 700, yenye vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi na misalaba midogo ya shaba, ambayo baadaye ilitumika kama fedha.

Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa 1939, iko upande huohuo. Kabla ya kufunga safari, mgeni aulize hali ya usalama na ya barabara, kisha achague kiangazi, kati ya Mei na Septemba.