Picha ya Dawa, Siri ya Mgonjwa

Mwaka 1994 mpigapicha Mmarekani Peter Menzel alitoa kitabu cha Material World, kinachoonyesha familia za nchi 30 zikiwa nje ya nyumba zao pamoja na vyombo vyao. Baadaye Mwitaliano Gabriele Galimberti alipiga picha familia za nchi mbalimbali pamoja na dawa walizo nazo. Kazi kama hizo zinafundisha mengi, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, zingefundisha zaidi. Makazi hayo ya wilaya ya Isingiro, jirani na Mbarara, yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: Wanyarwanda kwanza, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Dumu la njano hueleza habari ya maji. Kibahasha cha vidonge kilichoandikwa 1 × 3 kwa kalamu humwambia mtazamaji kwamba humo ndani yumo anayemeza dawa asubuhi, mchana na jioni.

Wapo wasemao picha hizo ni kuanika umaskini. Si lazima iwe hivyo. Mwaka 2012 mpigapicha Brian Sokol aliwauliza wakimbizi wa Sudan, waliokimbilia Maban, Sudan Kusini, ni kitu gani muhimu kuliko vyote walichokuja nacho. Mama mmoja alionyesha mti wa mabegani na vikapu alivyobebea watoto wake. Hapo mtazamaji haoni ufukara. Anaona nguvu na akili ya mama.

Dawa, hata hivyo, si kikapu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayepaswa kuambiwa ni mganga, si kila mpita njia. Kopo moja la dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI likionekana pichani, jirani ameshajua. Tena mkimbizi anayetegemea mgao anaweza kukubali kupigwa picha kwa kuogopa tu kukataa. Mtu atasema kwamba familia ikichagua cha kuonyesha, ukweli utapotea. La, kwa sababu uchaguzi wenyewe ni ushahidi wa kile watu wanachokithamini na wanachokihofia. Picha ambazo Musa Katuramu alipiga Mbarara na Ankole kuanzia miaka ya 1930 zina watu waliojipanga watakavyo mbele ya kamera, na hadi leo ni hazina ya historia.

Kwa hiyo, mpigapicha, ukifika Nakivale eleza kazi yako kwa lugha ya mwenye nyumba, mwache apange vitu vyake mwenyewe, na umwachie nakala. Akikiondoa kibahasha kimoja mezani, usimuulize ni cha nini.