Harufu ya uvundo yala faida ya mitumba

MFANYABIASHARA wa mitumba hununua belo likiwa limefungwa. Hajui kilichomo hadi mikanda ikatwe, na wakati mwingine kinachompokea kwanza si nguo bali harufu ya uvundo. Fedha imekwishalipwa, na kwa wengi ni fedha ya mkopo.

Kwa wauzaji wa Karume na Manzese jijini Dar es Salaam, au Gikomba jijini Nairobi, harufu hiyo ni suala la bei. Mteja huinua blauzi, hukagua mshono, kisha huipeleka puani. Ikinuka, hata kama ni ya gredi ya kwanza, huishia kwenye fungu la bei ya chini pamoja na zilizochanika.

Chanzo ni unyevu. Nguo kutoka Ulaya, Marekani au Asia hushindiliwa kwa mashine, kisha husafiri baharini kwa wiki kadhaa ndani ya kontena. Joto la mchana na ubaridi wa usiku hugeuza mvuke kuwa matone chini ya paa la kontena, nayo hudondokea mzigo. Ghala lisilopitisha hewa, hasa wakati wa masika, humalizia kazi. Humo kuvu na bakteria hustawi na kutoa harufu.

Wengi hukosea kwa kupulizia manukato. Manukato hufunika tu; kuvu hubaki. Siku chache baadaye harufu huibuka nyumbani kwa mteja, na muuzaji hupoteza mnunuzi wa kudumu.

Dawa iliyo nafuu ni siki nyeupe. Sehemu moja ya siki huchanganywa na sehemu nne za maji, hivyo lita moja hutoa lita tano. Nguo hulowekwa kwa muda wa saa moja, hufuliwa kwa sabuni, husuuzwa vizuri na kuanikwa juani zikiwa zimegeuzwa nje ndani ili rangi isipauke. Zikunjwe baada ya kukauka kabisa, pamoja na mapindo na mifuko. Nguo za poliesta hushika harufu ya jasho kuliko za pamba, hivyo huenda zikahitaji kurudiwa. Jaketi za ngozi zisilowekwe; zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kupigwa upepo kivulini.

Tahadhari moja ni ya lazima: siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Je, kazi hiyo inalipa? Mathalani, belo limetoa blauzi nzuri 20 zenye uvundo. Zikiwa safi zingeuzwa Sh 3,000 kila moja. Zikinuka huuzwa Sh 1,000. Hasara ni Sh 40,000. Kama siki, sabuni, maji na kibarua vitagharimu Sh 12,000, mfanyabiashara anaokoa Sh 28,000. Lakini kwa nguo ambayo hata ikiwa safi haizidi Sh 1,500, gharama hiyo hiyo ya Sh 600 kwa nguo itameza ongezeko lote la Sh 500. Hizo ni afadhali ziuzwe kama zilivyo, mteja akielezwa ukweli.

Kinga ni rahisi zaidi. Belo lenye madoa ya maji, mikanda ya chuma yenye kutu, au uzito unaozidi ule ulioandikwa ni dalili ya unyevu. Mnunuzi ana haki ya kudai punguzo au kuliacha. Mzigo ukifika stoo uwekwe juu ya mbao, mbali na sakafu ya saruji na ukuta. Belo likifunguliwa, zenye uvundo zitengwe siku hiyo hiyo, kabla unyevu wake haujaingia kwenye nguo nzima.

Katika biashara ambayo mtaji hufungwa ndani ya furushi lisiloonekana ndani, pua ni chombo cha ukaguzi. Aitumie kabla mteja hajaitumia ya kwake.