Bunduki ya upepo nayo inataka pasi safi

Ukishuka stendi ya Same, wa kwanza kukupokea ni vumbi. Milima ya Pare inakinga mvua, huku chini kunabaki kukavu kama kiwanja cha mchangani. Vumbi hilo ndilo beki katili wa bunduki ya upepo yenye magazini.

Chukulia hivi: magazini ni kiungo, mtutu ni straika. Risasi yenyewe ni laini, kiuno chembamba, nyuma imetanuka kama sketi. Tundu la magazini likipishana na mtutu kidogo tu, sketi inakwaruzika, risasi inaingia upande na shabaha imekwenda. Au inakwama kabisa.

Fundi makini hakimbilii drili. Anatoa magazini, anahakikisha na mtutu hauna kitu (hapo wengi hujisahau), anafuta vumbi na mabaki ya risasi. Kisha msasa laini kwenye ukingo wa tundu la kutokea, mkono mwepesi. Ukikwangua sana, risasi inacheza, umeharibu. Kipira kinachozishika zisidondoke kikichoka, anaweka kipya.

Ubaya uko kwa mwenye hasira. Risasi ikigoma anakoki tena, ya pili inaifuata ya kwanza, zote mtutuni. Akichomoa magazini anajua bunduki ni tupu. Kumbe!

Wale wa mita 10 kwenye Olimpiki hawana kesi hiyo: mashuti 60 ndani ya dakika 75, na kila risasi ya milimita 4.5 inawekwa kwa mkono, moja moja.