Mafuta ya kunenepesha mifugo: nguruwe ndiyo, mbuzi kwa uangalifu



Wengi wetu tunafuga wakati tunangoja kazi: nguruwe mbili nyuma ya nyumba hapa Butembo, mbuzi tatu kule Beni. Mnyama ni banki yetu. Yeye njo atalipa minerval ya mdogo wako. Akikonda, na feza inakonda. Hapo mtu anafungua intaneti, anakuta shauri za wafugaji wa farasi: ongeza mafuta ya soya, mnyama atanenepa. Ni kweli kwa farasi. Lakini kwetu farasi karibu hakuna, na matumbo hayafanane.

Nguvu ya mafuta ni hii: gramu 1 ya mafuta inatoa kalori karibu 9, wakati gramu 1 ya wanga inatoa 4. Kwa hiyo mafuta kidogo yanaleta nguvu mingi bila kujaza tumbo. Farasi ana tumbo moja na anaweza kuzoea mafuta mpaka karibu asilimia 10 ya chakula chake, lakini polepole. Nguruwe naye ana tumbo moja, anayasaga vizuri. Mbuzi, hapana. Yeye anategemea vidudu vidogo sana vinavyoishi mu tumbo lake la kwanza na kuvunja majani. Mafuta yakizidi, yanafunika majani na kuua sehemu ya vile vidudu. Mbuzi anakula lakini hapati faida, anaanza kuhara. Kwake, mafuta yote ya chakula, pamoja na yale yaliyo tayari mu majani, yasipite asilimia 6. Ukitaka anenepe, tafuta majani mazuri, maganda ya maharagi, majani ya viazi vitamu. Acha bidon ya mawese.

Kwa nguruwe, asilimia 5 inatosha. Kama anakula kilo 2 kwa siku, hiyo ni gramu 100, karibu vijiko 7 vya mezani. Anza na vijiko 2, panda kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ukizidisha, anahara, na nyama yake inakuwa laini, mnunuzi haipendi.

Sasa, mafuta gani? Mawese mekundu njo yako karibu, yanatoka upande wa chini, kule Beni, na yako na kitu ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A. Turto ya mbegu za ngazi, mashudu yanayobaki kisha kukamua, inabaki na mafuta kidogo na protini, lakini iko na nyuzi mingi, kwa hiyo haifai watoto wa nguruwe. Soya ni nzuri sana kwa sababu inaleta mafuta na protini pamoja. Lakini lazima ikaangwe: soya mbichi inazuia protini isisagwe. Avoka iliyoiva nguruwe anaipenda, lakini majani, maganda na kokwa lake viweke mbali na mbuzi, sungura na farasi, vinaweza kuwaua. Mafuta yenye harufu kali ya kuchacha usinunue hata kama ni bei ya chini. Na mabaki ya restora yenye nyama ya nguruwe ni hatari: yanaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usio na dawa, unaomaliza lupango nzima.

Bei je? Kilo 1 ya mafuta inampa nguruwe kalori karibu 8,500, kilo 1 ya mahindi karibu 3,400. Ni mara mbili na nusu. Basi kanuni ni rahisi: kama kilo ya mahindi ni franka 1,000, usilipe zaidi ya 2,500 kwa kilo ya mafuta. Na kumbuka litre moja haifiki kilo, ni karibu gramu 900. Fanya hesabu hiyo kila wiki. Tangu mauaji yaanze mu territoire ya Beni mwaka 2014, wakulima wengi wamekimbia mashamba yao, na barabara ikifungwa bei inaruka.

Lakini mbele ya yote, uliza kwa nini anakonda. Kama ni minyoo, mafuta yanalisha minyoo. Kama ni protini inayokosa, mafuta yatamuwekea mafuta chini ya ngozi, hayatamjengea nyama. Mupe kwanza dawa ya minyoo, umupe maji safi siku yote. Butembo tuko na bahati: Université Catholique du Graben, iliyoanza 1989, iko na fakilte ya udaktari wa mifugo. Waulizeni wenzetu wanaosoma pale dawa gani na kiasi gani.

Kisha chukua kamba, pima kifua cha mnyama nyuma ya miguu ya mbele, tia fundo. Kila siku ya posho rudia. Kama kisha wiki tatu fundo halijasogea, acha kununua mafuta na umuite veterinere.