Mteremko wa bomba waweza kuokoa kompresa ya tangi la maziwa

VIKUNDI vingi vya wafugaji vinaponunua tangi la kupozea maziwa huuliza bei, ukubwa wa tangi na gharama ya umeme. Ni wachache wanaouliza bomba la gesi litalazwaje. Bomba hilo likilazwa vibaya, kompresa, ambayo ndiyo moyo wa mtambo, inaweza kukwama kabla ya wakati wake.

Kompresa hulainishwa kwa mafuta kama injini ya gari. Tofauti ni kwamba inapofanya kazi, sehemu ndogo ya mafuta hayo hutoka pamoja na gesi na kuzunguka nayo hadi kwenye tangi. Hurudi kupitia bomba la kunyonya, yaani lile nene na la baridi linaloingia kwenye kompresa.

Humo mafuta hutambaa kwenye kuta za bomba yakisukumwa na mwendo wa gesi. Bomba likibonyea katikati au likiinamia upande wa tangi, mafuta hutuama. Kompresa hukauka ilhali mafuta yake yamelala bombani. Yakirudi kwa mkupuo, huweza kuvunja vali.

Kwa hiyo bomba lililolala liinamie upande wa kompresa, angalau sentimita 1 kwa kila mita 2. Bomba la mita 10 lishuke sentimita 5 au zaidi. Uzi na pima maji ya mwashi vinatosha kuhakikisha.

Kompresa ikiwekwa juu kuliko tangi, bomba hulazimika kupanda. Hapo fundi huweka kona yenye umbo la U chini, kama ile ya sinki. Mafuta hukusanyika humo, huziba sehemu ya njia, na gesi huyasukuma juu. Bomba likiwa refu sana, kona nyingine huongezwa njiani. Bomba nene kupita kiasi nalo si faida, kwani gesi hupungua kasi na kushindwa kupandisha mafuta.

Dalili za hatari ni mafuta kushuka kwenye kioo cha kompresa, kelele isiyo ya kawaida na maziwa kuchelewa kupoa. Fundi anayeongeza mafuta kila mara bila kutafuta yanakotuama hajatibu ugonjwa.

Hasara si ya kompresa peke yake. Wafugaji 100 wakileta lita 10 kila mmoja, tangi lina lita 1,000. Maziwa hayo yanatakiwa kushuka hadi nyuzijoto 4 na kubaki hapo. Kompresa ikikwama usiku, asubuhi mnunuzi atayakataa, na wote 100 watakosa malipo ya siku hiyo.

Ni busara basi kikundi kisimalize kumlipa fundi kabla hajaweka pima maji juu ya bomba, viongozi wakishuhudia.