Dhamana Si Faini, Wala Wakili Si Dalali

Habari za kukamatwa kwa mtu aghalabu hufika usiku. Tuseme kijana wa Timbwani ametoka kwenda dukani, na saa tatu jirani anabisha hodi kwa wazazi wake kuwaambia kwamba amechukuliwa na polisi. Baba anavaa kanzu yake, mama anafungua sanduku kutafuta akiba, na mjomba aliyeko Mtongwe anapigiwa simu. Kabla ya alfajiri anatokea mtu wasiyemfahamu vizuri, naye anasema, "Nipeni fedha, wakubwa wote nawajua." Kunapokucha akiba imekwisha, na kijana bado yumo ndani.

Hofu ndiyo inayowapotosha watu wa namna hii, na dawa ya hofu ni kujua. Kwa hiyo yafaa kila mwenye nyumba hapa Likoni ajue mambo haya kabla hayajamfika.

Jambo la kwanza ni kwenda kituoni kwa utulivu na kuuliza mambo matatu: mtu wetu yuko hapa? Amekamatwa kwa kosa gani? Atafikishwa mahakamani lini? Maswali haya si ufidhuli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, yasema kwamba aliyekamatwa sharti aelezwe upesi, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. Anayo haki ya kunyamaza, haki ya kuzungumza na wakili, na haki ya kutolazimishwa kukiri kosa. Basi asitie sahihi karatasi yo yote asiyoielewa.

Tena yapasa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24 tangu alipokamatwa. Aliyekamatwa Jumatatu saa nne asubuhi afikishwe kabla ya Jumanne saa nne. Lakini saa hizo zikimalizika wakati mahakama imefungwa, muda huo huendelea mpaka mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa usiku huenda akangoja hadi Jumatatu, na jamaa zake wasidhani kwamba amesahauliwa. Polisi wakitaka kumweka zaidi kwa ajili ya upelelezi, hapana budi wamfikishe mbele ya hakimu na kueleza sababu.

Wazee wa Likoni wanajua kwamba mambo hayakuwa hivyo siku zote. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, askari wakauawa, na katika msako uliofuata watu wengi walikamatwa. Kwa sheria ya siku zile, mshukiwa wa kosa lenye adhabu ya kifo aliweza kuwekwa siku 14 kabla ya kumwona hakimu, na aliyeshtakiwa kwa mauaji au unyang'anyi wa mabavu hakuwa na dhamana kabisa. Tangu mwaka 2010 kila mshtakiwa aweza kuomba dhamana, hata wa mauaji, na mahakama haiwezi kumnyima ila kwa sababu nzito. Miongoni mwa sababu hizo ni hatari ya kwamba atatoroka, au atawatisha mashahidi, au kwamba aliwahi kupewa dhamana naye hakurudi. Na kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande kwa ajili yake.

Sasa, dhamana ni kitu gani? Watu wengi huichanganya na faini. Faini ni adhabu, nayo hulipwa na mtu aliyekwisha kuonekana ana hatia. Dhamana ni ahadi ya mtu ambaye bado hajahukumiwa, kwamba akiachiliwa leo atarudi siku atakayoitwa. Kwa kuwa ni ahadi, aliyeitimiza hurudishiwa alichokiweka kesi inapokwisha, hata kama ameshindwa katika kesi yenyewe.

Dhamana yaweza kutolewa mahali pawili. Kwanza ni kituoni, kwa makosa yasiyo makubwa, ambapo mkuu wa kituo aweza kumwachilia mtu kwa bondi. Bondi ya polisi haiuzwi. Mtu akitakiwa kuweka fedha taslimu kuwa amana, sharti apewe stakabadhi ya Serikali yenye kiasi kamili, naye aitunze. Fedha isiyo na stakabadhi si dhamana, na hairudi.

Mahali pa pili ni mahakamani. Tuseme hakimu ametamka: bondi ya shilingi 100,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho, au dhamana ya fedha taslimu shilingi 50,000. Maana yake ni kwamba jamaa wana njia mbili. Wakiwa na shilingi 50,000, watailipa kwa njia rasmi ya mahakama, wala si mkononi mwa mtu ukumbini, na watahifadhi stakabadhi. Wasipokuwa nazo, watamleta mdhamini mwenye kitambulisho na mali ya kutosha, kama hati ya shamba au kitabu cha gari, naye atahojiwa kabla ya kukubaliwa. Kiasi kikizidi uwezo wao, wasikate tamaa: sheria yasema dhamana isiwe ya kupita kiasi, na Mahakama Kuu ina uwezo wa kuipunguza.

Mwenye kujitoa kuwa mdhamini na afikiri sana. Hapa Likoni wako watu walioishi miaka mingi bila hati. Katika shamba la Waitiki, kwa mfano, hati zilitolewa mwaka 2016. Karatasi iliyongojwa muda mrefu hivyo isiwekwe mahakamani kwa kuona haya tu. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini atatakiwa alipe, na mali yake yaweza kwenda. Akiona dalili kwamba mtu wake anataka kukimbia, aende mahakamani mapema kuomba aondolewe katika udhamini.

Tuje kwa wakili. Kila wakili anayefanya kazi nchini Kenya hana budi kuwa na cheti cha mwaka huo, na Chama cha Mawakili wa Kenya kina orodha ambayo raia aweza kuitazama. Basi ulizeni jina lake kamili, mlitafute katika orodha, na mwende ofisini kwake; anayekutana na watu mlangoni mwa mahakama tu huenda akawa dalali. Muulizeni kama amekwisha kutetea kesi za namna hiyo, malipo yake ni kiasi gani, na yanahusu kazi ipi: kuomba dhamana peke yake, au kesi hadi mwisho? Mapatano yaandikwe, na kila shilingi iwe na stakabadhi. Wakili wa hapa Mombasa ana faida yake, maana ni rahisi kwake kuhudhuria kila tarehe na kumfikia mteja aliyeko rumande Shimo la Tewa. Lakini anayeahidi kwamba mtu wenu hakika atashinda, mkimbieni.

Asiye na fedha naye asikae kimya. Katiba, kifungu cha 50, yasema kwamba Serikali itampa mshtakiwa wakili kwa gharama yake ikiwa bila wakili haki itapotea sana; na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda idara ya kazi hiyo. Mshtakiwa na amwambie hakimu waziwazi kwamba hana uwezo. Hapa Mombasa pia yako mashirika kama Muhuri na Kituo cha Sheria, ambayo watu huyaendea kwa ushauri.

Mwisho, kijana akishatoka, kazi haijakwisha. Tarehe ya kesi iandikwe ukutani, na siku hiyo avuke feri mapema, asije akachelewa kwa sababu ya foleni. Asipofika, hati ya kumkamata itatolewa, amana itapotea, na mdhamini aliyemwamini ataumia. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mzee aliyeweka hati yake ili kijana alale nyumbani amelikopesha jina lake, na deni hilo hulipwa kwa kufika mahakamani kila siku anayoitwa.